Jinsi Nilivyoifundisha Mashine ya Kufulia Paredi

Vijana wangu, kabla ya kuwasha mashine yoyote ya kufulia, ingiza mkono ndani ya pipa. Sisemi uchungulie. Macho ya fundi aliyechoka huona kile yanachotaka kuona, lakini mkono hauna adabu, unagusa kila kitu. Uzungushe mpaka nyuma kabisa, ndipo ufunge mlango.

Kwa mkono wangu huu nimewahi kutoa humo paka aliyenikwaruza mpaka kiwiko, soksi iliyojazwa sukari ya kufichwa, na risasi. Risasi niliikuta kwenye chujio la pampu ya mashine ya mwanajeshi mmoja. Kitu kama hicho hukitupi, wala hukiulizii habari. Nilimpa mwenyewe kwa mikono miwili nikasema, "Afande, umesahau kifungo." Akashukuru vizuri tu, akakitia mfukoni.

Na katika nyumba moja ya Nakasero, hapa Kampala, nilimkuta kuku. Wenye nyumba walikuwa wamefukuzwa nchini, nyumba ikapewa mtu wa jeshi, na mashine ikabaki jikoni kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Mama mzazi wa huyo aliyepewa nyumba alikuwa ameangalia lile sanduku jeupe lenye mlango wa kioo akaamua ni banda la kuku, tena la kisasa, maana unayaona mayai bila kumsumbua anayeatamia. Nilipoinama kufungua, bibi alinishika bega. "Polepole, mwanangu. Yeye nalala juu ya mayai." Basi nikafunga mfuko wa vyombo nikaenda zangu. Nilirudi vifaranga walipotoka.

Mnacheka, lakini jiulizeni. Kama kuku anaingia, mtoto anashindwa nini? Mtoto anaona kioo, anaona tundu la mviringo, anaona mahali pazuri pa kujificha asipatikane. Zile mashine za kwanza hazikuwa na njia ya kufunguliwa kutoka ndani. Kwa hiyo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii halikuwa kuunga waya. Lilikuwa mlango.

Aliyenifundisha ni Fundi Kasereka, Mkongo aliyekimbia vita kwao akafungua kibanda upande wa Nakivubo. Alitengeneza pasi, redio, feni, na baada ya wenye maduka makubwa kuondoka, mashine za kufulia pia, kwa sababu hakuna mwingine aliyezijua. Mimi nilifika kwake nikiwa nimeacha shule ya msingi. Baba alikuwa sajenti wa polisi. Alifariki, Mama akamfuata, nyumba ya kambini ikapewa familia nyingine, na mimi mkubwa nikabaki na wadogo zangu watatu katika chumba kimoja Kalerwe. Nilipita kibanda hadi kibanda nikiomba kazi. Wengine walinicheka. Fundi Kasereka hakunicheka. Alinishika mikono akaitazama.

"Hii mikono iko ndogo," akasema. "Inaweza pita nyuma ya pipa bila kufungua yote. Kuja kesho, mama."

Wakongo humwita hata msichana mdogo mama, kwa heshima. Kesho yake nilikuwepo kabla hajafungua mlango, na nilibaki hapo mpaka miaka mingi baadaye alipofunga kibanda kwa uzee. Watu waliniuliza kwa nini sikutafuta kazi ya kike. Niliwajibu kwamba sijaona mahali pameandikwa kuwa bisibisi ina jinsia, na kwamba wadogo zangu wanakula jioni.

Mkono wa kushoto wa Fundi ulikuwa na vidole pungufu. Siku nilipopata ujasiri wa kumuuliza viko wapi, alisema bila kuinua kichwa, "Vilikwenda kufua." Halafu akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka akaniambia habari yenyewe. Huko kwao alikuwa akitengeneza mashine kubwa ya nguo za wageni. Fundi aliyemtangulia alikuwa ameona kufuli la mlango linamchelewesha, akaunganisha waya zake moja kwa moja, mashine ikawa inazunguka hata mlango ukiwa wazi. Hakumwambia mtu. Kasereka akaweka mkono kuvuta shuka.

"Mlango haiko kitu ya kudanganya," aliniambia. "Ile siku utaunga waya ya mlango moja kwa moja, usiingie tena mu kibanda yangu. Hata kama nimekufa, usiingie."

Sasa niwaeleze lile kufuli, maana bila hilo hamtaelewa balaa lililonipata. Ndani yake kuna kibati kidogo, metali mbili zilizobanwa pamoja. Mashine ikiwashwa, umeme unakipasha moto, kibati kinapinda, kinasukuma kipini, mlango unashikwa. Hiyo ni tik ya kwanza. Umeme ukikatika, kibati hakina haraka. Kinapoa taratibu, kinanyooka, kipini kinarudi: tik ya pili. Katika muda huo wa kupoa, pipa linamaliza kuzunguka na kutulia. Ndiyo maana ukizima mashine na kuvuta mlango papo hapo, unakataa. Haujaharibika. Unakusubirisha kwa faida yako. Ukienda kutengeneza mashine yenye kufuli la namna hiyo, kaa kimya usikilize tik zote mbili. Ukisikia moja tu, usiondoke katika nyumba hiyo.

Vipuri havikuwepo siku zile. Ndoano ya mlango tuliichonga kwa spoku ya baiskeli. Ncha za umeme zilizoungua tulizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Lakini kibati chenyewe huwezi kukichonga, kwa hiyo kilicho kizima tulikitunza kama jicho.

Basi siku moja dereva wa jeshi alikuja kibandani akasema Kapteni anataka fundi wa mashine. Fundi Kasereka alinitazama. "Enda wewe. Mimi nikifungua mdomo wataniuliza kitambulisho. Wewe unajua lugha ya kambi."

Nyumba, si ile ya kuku, ilikuwa kwenye mteremko wa Nakasero, nzuri, yenye maua yasiyojulikana nani aliyapanda. Kapteni alikuwa jikoni, mrefu, buti zinang'aa, mikono kiunoni, amesimama mbele ya mashine kama anayemhoji mtu.

"Fundi iko wapi?" akauliza.

"Ni mimi, Afande."

Akatazama nyuma yangu kama kuna mwanaume amejificha. Hakumwona. "Sawa. Hii mashine nadharau mimi."

"Inafanya nini, Afande?"

"Yeye namaliza kazi. Nasimama. Mimi navuta mlango, yeye nakataa! Mimi iko na watu mia moja chini yangu, hakuna hata moja nakataa. Sasa hii sanduku nakataa?" Akaipiga kofi juu. "Toa hiyo kufuli. Mimi nataka nikisema funguka, nafunguka."

Nilianza kueleza habari za kibati. Nilifika kwenye kupoa tu.

"Wewe nafundisha mimi?"

"Hapana, Afande."

"Mimi naenda safari. Jumamosi narudi. Nikikuta kufuli iko, wewe na huyo Mkongo yako mtajua mimi ni nani."

Wakati wote huo, mtoto wake wa mwisho, Rehema, alikuwa ananing'inia kwenye mpini wa mlango wa mashine kama nguo kwenye kamba. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye utoto wa kubebwa, na nguvu zake zote zilikuwa zimekwenda kwenye mikono. Alivuta makabati, alivuta kitambaa cha meza pamoja na vyombo, alivuta masharubu ya baba yake. Mama yake, Mama Juma, alimwondoa kwenye mpini akamweka chini, na kabla hajanyoosha mgongo, mtoto alikuwa amerudi.

Pale pale nikaona hesabu yangu yote. Nikitoa kufuli, mtoto huyu atafungua mlango pipa likiwa kwenye mwendo wa kukamua, na mkono wake ni mwembamba kuliko vidole vya Fundi Kasereka. Nisipotoa, Jumamosi wadogo zangu wanaweza kukaa Kalerwe wakimsubiri dada asiyerudi. Siku zile watu walikuwa hawarudi kwa mambo madogo kuliko hilo.

Nilimweleza Fundi. Akakuna kidevu kwa vidole alivyonavyo.

"Kufuli, hapana kutoa," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Na kufa pia, hapana kufa."

"Ndiyo, Fundi. Sasa nifanye nini?"

"Mimi nimeshasema yangu mbili. Ya tatu utafute wewe."

Niliipata jioni ile ile, nikiwaogesha wadogo zangu kwenye beseni. Walikuwa wanagombea kipande cha sabuni, nikajikuta nimepaza sauti ya marehemu Baba: "Paredi! Mguu sawa!" Wote watatu wakakauka. Baba alitulea hivyo. Kambini kwetu kila Jumamosi alitupanga mstari kabla ya kuoga, tunasimama wima, tunahesabu namba, anatukagua kucha na masikio, tunalegea, tunasimama wima tena, na hakuna aliyegusa sabuni mpaka aseme "Tawanyika!" Tulichukia sana. Lakini nikisimama pale na beseni langu nikatambua kitu: paredi ya Baba ilikuwa ndefu kuliko kibati kinavyohitaji kupoa.

Jumamosi niliamkia nyumbani kwa Kapteni. Nilifunga ukutani swichi ya kuzimia mashine, juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kufuli sikuligusa, isipokuwa kulisugua na kulisikiliza. Kisha nikachukua chaki nikachora mstari. Haya, andikeni hili: mstari wa watoto hauchorwi popote. Niliuchora juu ya kidaraja, ile ngazi moja ya kuingilia stoo, mbali na mlango wa mashine, kwa sababu maji hayapandi ngazi.

Kapteni aliingia na vumbi la safari. "Kufuli?"

"Afande, tatizo nimeliona," nikasema. "Hii mashine haikudharau. Ilikuwa haijafundishwa. Ni kuruta. Nimeifundisha, sasa inafuata amri. Lakini inafuata amri kamili tu. Afande anajua, hakuna askari anayeondoka kwenye paredi kabla ya kutawanywa."

Mama Juma aliacha kukata vitunguu.

"Hiyo ni kweli," akasema Kapteni. "Askari nzuri hapana ondoka."

"Basi Afande abonyeze hapa, halafu atoe paredi yote. Na watoto wawe kikosi, pale kwenye mstari. Mashine haipendi kufundishwa peke yake."

Wavulana wawili, Juma na Saidi, walikimbilia kwenye chaki. Rehema akajipenyeza mwisho. Mashine ilikuwa inakamua, inatetemeka kama ina homa. Kapteni akabonyeza swichi, akavuta pumzi, na jiko lote likatikisika.

"Paredi! Mguu sawa! Hesabu namba!"

"Moja!" "Mbili!" Halafu Rehema, kwa sauti ya filimbi: "Tatu!"

Nilikuwa nimemwambia pia kuna ukaguzi. Akaizunguka mashine polepole, akatazama pembe zake, akaifuta vumbi juu kwa kidole. "Mguu pande!" Akasubiri. "Mguu sawa!" Ndani ya mashine, kwa sauti ndogo ambayo ni mimi tu niliyekuwa naiombea, tik.

"Tawanyika!"

Akavuta. Mlango ukafunguka kama siagi. Kapteni alisimama na mpini mkononi, uso wake umefunguka vilevile. "Mnaona?" aliwaambia watoto. "Mnaona nidhamu?" Alinipa mche mzima wa sabuni, na mche wa sabuni siku zile za uhaba ulitembea nao umeufunga ndani ya kanga.

Nawaambia haya, vijana, kwa sababu nyinyi mnazo kufuli za watoto za vitufe. Bonyeza vitufe viwili, shikilia, taa inawaka, mtoto hawezi kubadilisha chochote. Vizuri sana. Lakini kwanza, soma kitabu cha mashine yenyewe, maana nyingine hufunga vitufe tu, mlango haufungi. Pili, mtoto wa leo anakijua kitufe kabla ya mama yake. Kufuli la mashine linalinda mlango. Watu wa nyumba unawalinda kwa kuwapa sababu ya kusubiri, na sababu hiyo wasipoipenda, watakuita urudi uitoe.

Pale kwa Kapteni waliipenda mno. Mama Juma aliniita baada ya muda, eti chujio limeziba. Halikuwa limeziba. Alinivuta pembeni akaninong'oneza sikioni.

"Dada fundi, jana bwana hakuwepo. Mimi nimezima mashine, nimekaa kwenye kigoda, nimenyamaza kama ukuta. Mlango umefunguka. Sasa niambie, huyu askari wako alisikia amri ya nani?"

Niligeuka kutazama kama bwana yuko mlangoni. "Mama Juma, tafadhali."

"Banange, jamani, unaogopa nini?" Alikuwa anajizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Mimi nitasema? Kila akirudi na hasira zake zote anakwenda kupigia kelele mashine, akimaliza amepoa. Wewe ungejua nilikuwa naombea nini miaka yote hii! Na huyu Rehema, hagusi tena mlango mpaka asikie 'Tawanyika' yake. Mwache bwana na kuruta wake."

Tukaachia hapo, na pengine mambo yangeishia hapo, kama Kapteni asingekuwa na mgeni.

Yanayofuata aliniambia Mama Juma, aliyeyaona akiwa kwenye mlango wa jikoni, na kila alipoyasimulia ilibidi akae chini. Mgeni alikuwa Meja, mkubwa wa Kapteni, mtu mnene mwenye kifimbo cha kubana kwapani. Mashine ilikuwa imejaa mashuka meupe kwenye maji ya moto, yale ya kurudisha weupe. Umeme ukakatika, kama ulivyozoea. Ilikuwa mchana, hakuna taa ya kuzimika, hakuna aliyeona. Mashine ikanyamaza tu. Kibati nacho, bila umeme, kilikuwa kimeshapoa zamani. Humo ndani kulibaki maji moto, mlango usioshikwa na kitu isipokuwa ndoano, na kioo cheupe kwa povu.

"Meja," Kapteni akasema, "wewe hujaona kitu. Kuja uone mashine nafuata amri."

"Usidanganye mimi."

"Kuja tu!"

Wavulana walikuwa shuleni. Rehema aliposikia sauti ya baba yake, akaacha alichokuwa anavuta akakimbilia kwenye chaki yake.

"Paredi! Mguu sawa!" Rehema akakauka. Meja naye, kwa mazoea, akabana visigino. Kapteni akabonyeza swichi. Lakini kumhesabisha mtoto mmoja namba mbele ya mkubwa wake aliona haya, na ukaguzi akaona unachelewesha. Akaruka yote. "Tawanyika!"

"Baba," akasema Rehema kutoka kwenye mstari, "tatu bado!"

"Nyamaza."

"Baba, tatu bado!" Hakusogea. Siku nyingine zote, neno "Tawanyika" lilimtoa pale mbio kwenda kuwa wa kwanza kuingiza mikono kwenye nguo. Siku hiyo aliganda, amekasirika, mikono imebanwa mapajani, kwa sababu namba yake haikuitwa.

Kapteni akavuta mlango.

Maji yalitoka yote kwa pamoja, na mvuke wake, na mashuka yakiyafuata. Buti za Kapteni zilijaa. Meja, kwa unene wake wote, alionekana yuko juu ya meza ya jikoni, na mpaka leo hakuna aliyeeleza alipandaje. Povu likasambaa jikoni kote, likafika kwenye kidaraja cha stoo, likakigonga, likarudi. Juu ya kidaraja, Rehema amesimama wima, miguu mikavu.

Kisha Meja, kutoka juu ya meza, akasema, "Kapteni, kikosi yako imeasi." Na hakuna aliyejua kama ni utani.

Jeep ilipokuja Nakivubo kunichukua, mtaa mzima ulikumbuka kwamba una kazi mahali pengine. Siku zile ukiitwa hivyo, majirani huanza kukutaja kama marehemu kabla gari halijapiga kona. Fundi Kasereka alitoka naye akataka kupanda. Askari akamsukuma. Nilimwambia, "Fundi, jioni wapitie wadogo zangu." Alinipa mfuko wa vyombo tu, kama ninakwenda kazini.

Nilikuta Meja amekaa barazani bila viatu, anakunywa chai, soksi zake zimeanikwa kwenye maua. Sikuweza kusoma uso wake. Jikoni, Kapteni alikuwa pekupeku, suruali imekunjwa, miguu imekuwa myekundu mpaka kwenye vifundo. Na Rehema alikuwa bado juu ya mstari wake, sasa amekaa kwenye kigoda, anakunywa uji.

"Amekataa kutoka hapo," akasema Mama Juma. "Anasema hajahesabiwa."

Kapteni alinivuta mpaka ndani ya stoo, kati ya magunia. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Sema kweli," akasema polepole. "Hii mashine nasikia mimi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeuandaa njia nzima ndani ya jeep: kwamba kuruta hapendi amri fupi, kwamba ameruka ukaguzi. Ungeweza kupita. Lakini nikijua umeme wa Kampala, kesho utakatika tena, na mtu anayeamini mashine inamsikia ataufungua mlango tena juu ya maji ya moto. Na kesho Rehema anaweza kuwa hajanuna.

"Hapana, Afande," nikasema. "Mashine haisikii mtu. Kufuli lipo, sikulitoa. Linapoa tu wakati Afande anatoa amri. Anayesikia ni yule pale."

Akageuka akamtazama mtoto kupitia mlango wa stoo. Rehema alikuwa analamba kijiko. Kapteni akaitazama miguu yake mwenyewe, ile iliyokuwa ndani ya buti nene na bado ikaungua. Kisha akaitazama miguu ya Rehema inayoning'inia kwenye kigoda.

"Kufuli nabaki," akasema mwisho.

"Ndiyo, Afande."

"Na weka ingine. Juu. Mahali yeye hapana fika."

"Komeo, Afande. Na nitaandika mstari kwenye kioo, ili maji yakiwa juu yake asiguse mtu."

"Hata mimi?"

"Hata Afande."

Akapumua. "Na hii maneno ya mashine hapana sikia, nabaki hapa ndani ya stoo."

"Stoo, Afande."

Alitoka akasimama mbele ya mstari, pekupeku, kwenye maji. "Paredi," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Mguu sawa. Hesabu namba."

Rehema akashuka kwenye kigoda, akaweka kikombe chini, akabana mikono. "Tatu!"

Baba yake hakusema tawanyika. Alimnyanyua akampeleka nje kwenye jua.

Nilikuwa nakung'uta mashuka nilipoitwa barazani. Meja aliweka kifimbo juu ya mapaja akanitazama toka juu mpaka chini. Kapteni alikuwa amesimama kando na Rehema begani, na macho yake yaliniambia nichague maneno vizuri.

"Wewe ndiyo nafundisha mashine?"

"Ndiyo, Afande."

"Nyumbani kwangu iko moja. Na iko wajukuu, wabaya sana, wanaingia kila mahali. Kesho unakuja, unafundisha." Akainua kidole. "Lakini sikia. Mimi si kapteni. Yangu lazima nafunguka haraka kuliko ya huyu."

Nilimtazama Kapteni. Kapteni alikuwa anatazama maua.

"Haiwezekani, Afande," nikasema. "Kadiri cheo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo paredi inavyokuwa ndefu."

Meja alinyoosha mgongo, akaweka kikombe chini.

"Hiyo ni kweli," akasema.